Ugwe Unaokaba: Kuchagua Kamba na Mafundo ya Kukwelea Minazi

Mkwezi wa Ras Kisimani, kisiwani Mafia, hupanda na kamba moja tu, na kamba hiyo iko miguuni. Ni kitanzi kifupi kinachofunga nyayo mbili ili zilikumbatie shina; na pale mnazi ulipokatwa vidato, hata hicho hakihitajiki. Kitanzi kinamsaidia kupanda. Hakimzuii kuanguka. Mikono ikichoka, au kuti alilolishika likang'oka, hakuna kitu kati yake na ardhi ila urefu wa mnazi wenyewe, na mnazi mrefu wa pwani yetu hupita mita 20 bila taabu.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuongeza kamba ya pili, ile inayomshika. Sikwambii uache ujuzi wa miguu yako. Miguu hiyo inajua mambo ambayo hakuna karatasi inayoweza kuyafundisha. Ninachokuomba ni kuweka kati ya kiuno chako na shina kamba nzuri na ugwe mfupi uliofungwa kwa fundo la kukaba. Watu wengi wakisikia habari ya kamba ya kukwea huuliza kwanza ina nguvu kiasi gani. Swali hilo ni zuri, lakini ni la pili. La kwanza ni hili: ugwe wako unaing'ata kamba yako? Kamba inayoweza kuinua gari haikufai kitu ikiwa fundo lililo juu yake linateleza.

Fundo la kukaba hufungwa kwa ugwe juu ya kamba nyingine. Likiwa halina uzito, unalisukuma kwa vidole viwili juu au chini. Ukilikalia, mizunguko yake inajikaza na kubaki pale pale. Halina meno wala springi. Mabaharia wetu wanaijua siri yake tangu zamani: tazama kijana mwembamba akizuia chombo kizima kwa kamba aliyoizungusha mara mbili kwenye nguzo. Nguvu si ya mikono yake, ni ya mizunguko. Kwa kamba yenye mkwaruzo wa wastani, mzunguko mmoja kamili huzidisha nguvu ya mshiko zaidi ya mara 3, wa pili huifikisha zaidi ya mara 12, na wa tatu hupita mara 40. Mizunguko haijumlishi, inazidisha. Ndiyo maana mzunguko mmoja uliopungua au kuongezeka unaweza kuamua kama fundo litakushika, litakuachia, au litajikaza hata usiweze kulisogeza.

Kabla ya kamba, utazame mnazi. Ras Kisimani panataka jicho kali zaidi kuliko mashamba ya katikati ya kisiwa, kwa sababu hapa bahari inakula nchi. Mji wa kale wa Kisimani ulikuwa kwenye rasi hii. Mwanaakiolojia Neville Chittick aliuchimba, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1961. Sehemu kubwa ya mji huo imekwisha kwenda na maji. Bahari iliyoangusha kuta za mawe haishindwi na mizizi ya mnazi. Ukiona mnazi wa ufukweni umeinama kuelekea majini na mizizi yake iko wazi, uache, hata kama makole yake yamejaa. Hakuna fundo litakalokusaidia mnazi ukilala pamoja nawe. Uache pia wenye kilele kilichonyauka, wenye shimo shinani, na ule ambao ukiugonga kwa mgongo wa panga unaitika kama ngoma tupu.

Sasa kamba kuu. Madukani Kilindoni kamba nyingi ni za uvuvi na za vyombo, na rahisi kuliko zote ni ile ya plastiki ya kusokota, ya bluu au ya kijani. Ni nyepesi, haiozi, na kwa jarife na nanga inafanya kazi yake vizuri. Kwa kukwea haifai. Uso wake unateleza, jua huigeuza unga, na joto la msuguano huiyeyusha mapema: plastiki aina ya polipropilini huyeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi. Nailoni huvumilia mpaka 220 au zaidi kutegemea aina, na poliesta hufika 250 na ushei. Usipojua umeuziwa nini, kata kipande kidogo, kikamue ndani ya ndoo ya maji ili hewa itoke, kisha kiachie. Nailoni na poliesta huzama. Plastiki huelea. Kikielea, kamba hiyo irudishe kwenye mashua.

Kamba ya usumba nayo huelea mwanzoni, na hiyo inastahili neno la heshima. Usumba ni nyuzi za makumbi yaliyolowekwa na kupondwa, na ndio ulioshonea mitepe iliyosafiri pwani hii bila msumari hata mmoja. Maji ya chumvi hayaushindi upesi, na ukali wake unakaba kuliko nyuzi zozote za kiwandani. Kwa miguu hakuna bora. Lakini nguvu yake ni sehemu ndogo tu ya nguvu ya nailoni ya unene huo huo, na uozo wake huanzia ndani, mahali jicho lisipofika. Usiutundikie uhai wako. Vivyo hivyo kamba ya katani, ingawa ina nguvu zaidi ya usumba.

Kamba unayoitaka ni ya kusuka, yenye kiini ndani na ala nje, ya unene wa milimita 11 hadi 13. Kiini ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya uzito. Ala inakilinda na ndiyo inayong'atwa na ugwe. Itafute yenye alama ya kiwango cha Ulaya EN 1891 daraja A, kinachodai kamba ivumilie angalau kilonyutoni 22, yaani uzito wa kilo 2,240 hivi. Usishangae hesabu kuwa kubwa hivyo: kila fundo unalolipiga huipunguzia kamba nguvu, jua huipunguzia, chumvi na mchanga pia, na anayeanguka hata nusu mita huivuta kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake wa mizani. Kwa rasi hii mimi ningechagua ala ya poliesta juu ya kiini cha nailoni. Nailoni hunyumbuka na kupoza mshtuko, lakini ikilowa hupungukiwa nguvu kwa asilimia 10 hadi 15. Poliesta haijali maji, na huvumilia jua vizuri zaidi.

Usinunue kamba ya mtumba. Nguo ya mtumba ikichanika unaona. Kamba iliyokwisha kuanguka na mtu, au iliyolazwa kando ya betri ya gari, inaweza kung'aa kama mpya, na asidi ya betri hula nailoni bila kuacha alama ya kutosha kukuonya. Kama hujui kamba imeishi wapi, huijui kamba hiyo.

Tuje kwenye ugwe, maana hapa ndipo wengi hukosea. Kanuni ya kuanzia ni kwamba unene wa ugwe uwe kati ya asilimia 60 na 80 ya unene wa kamba kuu. Kwa kamba ya milimita 12, chukua ugwe wa milimita 8. Kwa ya 13, kati ya 8 na 10. Ugwe mwembamba zaidi hung'ata kwa hasira, na baada ya kuukalia utahangaika kuulegeza. Ukilingana unene na kamba kuu, utaelekea kuteleza. Watu hufikiri unene ndio usalama, na katika jambo hili wamekosea.

Unene peke yake hautoshi. Kunja ugwe uwe kitanzi kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, ubane. Ukikunjika vizuri ukabaki na tundu dogo, ni mlaini na utaikumbatia kamba. Ukibaki na tundu kubwa linalokurudishia mkono, ni mgumu, na mizunguko yake itaigusa kamba hapa na kuikosa pale. Kuhusu nyuzi, nailoni na poliesta zinafaa kwa anayeanza. Kuna ugwe wenye ala ya nyuzi za aramidi, ambazo haziyeyuki, huungua tu joto likipita kiasi kikubwa sana. Wakata miti wa Ulaya na Marekani wanaupenda kwa sababu hiyo, lakini jua na kukunjwa mara kwa mara huuchosha upesi, basi unahitaji kubadilishwa mapema. Jihadhari zaidi na zile nyuzi nyeupe zenye sifa ya kushinda chuma, kama Dyneema. Nguvu zinazo kweli. Lakini zinateleza kama pweza, na huyeyuka kabla hata ya nyuzijoto 150. Kwa fundo la kukaba ni chaguo baya linalouzwa kwa bei nzuri.

Mafundo ni mengi, nami nakushauri uyajue mawili mpaka vidole viyapige gizani.

La kwanza ni la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelitangaza mwaka 1931. Chukua ugwe wa mita moja na nusu, unganisha ncha zake kwa fundo la wavuvi maradufu upate kitanzi, na kila ncha iliyobaki iwe na urefu wa angalau mara 10 ya unene wa ugwe: kwa milimita 8, sentimita 8. Pitisha kitanzi nyuma ya kamba kuu, kisha kipenyeze ndani yake chenyewe mara 3, kila mzunguko ukilala ndani ya uliotangulia. Panga mizunguko ilale sambamba bila kupandana. Fundo hili hukaba likivutwa juu na likivutwa chini, nalo husamehe makosa. Ubaya wake ni kwamba likikaliwa kwa muda hujifunga sana. Ulilegeze kwa kusukuma kile kigongo cha mbele kwa kidole gumba, usililazimishe kwa kulivuta.

La pili hujulikana kwa jina la Jason Blake, Mmarekani aliyelieleza kwa wakata miti mwaka 1994, ingawa Heinz Prohaska wa Austria alikwisha kulionyesha tangu 1981. Halihitaji ugwe wa pili. Hufungwa kwa ncha ya kamba ile ile iliyofungwa kwenye mkanda wako wa kukwelea, ule unaovaliwa kiunoni na mapajani. Zungusha ncha kwenye kamba kuu mara 4 kwenda juu. Iteremshe, ipite mbele ya ule mguu wa kamba unaotoka kiunoni mwako, izunguke nyuma ya kamba kuu, halafu ipenye chini ya ile mizunguko 2 ya chini itokee nje. Mwishoni piga fundo la nane ili ncha isiweze kurudi. Ukisahau kuupita ule mguu kwa mbele, unapata fundo linalofanana nalo kwa sura lakini linaloweza kukuachia. Rudia hatua hii mara mia ukiwa umekaa barazani.

Yapo mengine yanayosukwa kama ukili, yanayotembea laini na kusukumwa na roda ndogo chini yake. Ni mazuri mno mikononi mwa fundi. Yaache kwanza.

Sasa yote haya yanakaaje mtini? Mwembe na mnazi havikwewi kwa hesabu moja. Kwenye mwembe, kamba hupita juu ya tawi nene na kurudi kwako, na wewe umening'inia kwenye pande mbili; fundo linabeba kiasi cha nusu ya uzito wako, na fundo la Blake linatosha kukupandisha na kukuteremsha. Mnazi hauna tawi. Nakuomba ulishike hili kwa nguvu: kuti si tawi, kole si tawi, na wala usipitishe kamba juu ya kilele kana kwamba kuna kitu pale cha kuibeba. Kuti linaloonekana bichi leo linaweza kuwa limekwisha kuachana na shina kwa ndani.

Kwa mnazi, kamba yako ni mshipi unaozunguka shina. Chukua kamba kuu ya mita 5, ncha moja uifunge kwenye karabina (kulabu ya chuma inayofunguka) yenye kufuli katika pete ya ubavu wa kushoto wa mkanda wako. Izungushe shina mara 2, siyo mara moja. Mshipi wa mzunguko mmoja hukuzuia kuanguka kinyumenyume, lakini miguu ikiteleza unashuka nao mpaka chini kama pete kwenye kidole. Ukizunguka mara 2, uzito wako unakaza mizunguko, na shina lenye makovu ya makuti linashikwa kama nguzo ya bandarini; mnazi wenyewe umekuwa kamba, na mshipi wako ndio ugwe. Upande wa kulia, mshipi upite kwenye fundo la Prusik lililofungwa kwenye karabina ya pete ya kulia, na ncha inayoning'inia ipigwe fundo la nane. Shina huwa nene chini na jembamba juu, basi kila baada ya hatua kadhaa unaegemea mbele, unavuta ncha na kufupisha. Mshipi usiwe na ulegevu wa zaidi ya kiganja.

Beba mishipi miwili. Ukikuta kovu kubwa au kole lililoning'inia, funga wa pili juu yake kabla hujafungua wa kwanza. Usiwe hata mara moja huna kilichokushika.

Najua unachotaka kuniambia. Mkwezi hulipwa kwa hesabu ya minazi, na mishipi inachelewesha. Ni kweli, inachelewesha, na mwenye shamba anayetaka minazi yake ianguliwe kwa usalama anapaswa kuuhesabu muda huo katika malipo. Kijana akianguka, kiuno chake hakirudishwi na gunia la mbata.

Ukifika juu na unataka kushuka kwa kamba badala ya kurudi hatua kwa hatua, funga kamba ndefu kwenye shina lenyewe chini ya kilele kwa kitanzi kinachojikaza. Hapo uko kwenye kamba ya upande mmoja, na fundo linabeba uzito wako wote. Usishuke kwa fundo la kukaba peke yake: ama litajifunga ubaki ukining'inia, ama litateleza kwa kasi na kuunguza ala. Shuka kwa chuma cha umbo la nane, na chini yake weka Prusik fupi iliyofungwa kwenye mkanda wa paja, fupi kiasi kwamba haiwezi kukigusa kile chuma. Mkono ukiachia, Prusik inakaba. Shuka polepole; ukigusa ugwe ukakuunguza vidole, umekwenda mbio.

Faida ya kushikwa utaiona siku ya majimoto. Wale chungu wekundu wanaoshona majani ni rafiki wa mnazi, kwa kuwa humfukuza mdudu anayenyonya vidaka vikapukutika, na kwa ajili hiyo nakusihi usivichome viota vyao. Lakini wakikuingia shingoni ukiwa mita 15 juu, unachotaka ni mikono miwili huru. Mkwezi asiye na mshipi anavumilia huku amekumbatia shina. Wewe kaa, jipanguse, kisha endelea.

Panga ni jambo jingine. Kamba iliyokazwa hukatwa kwa mguso tu, pale ambapo kamba legevu ingekwepa. Unapoangua, mishipi yote miwili iwe imefungwa, imeshuka chini ya kiuno, na pigo liende upande usio na kamba. Panga lenyewe lifungwe kwa uzi ili likikuponyoka lisimfuate aliye chini. Na chini lazima awepo mtu, amesimama mbali na mwanguko wa nazi, anayejua kukwea na mwenye kamba yake mwenyewe. Aliyeumia akabaki ananing'inia kwenye mkanda hali yake huharibika kwa dakika, si kwa saa; hana muda wa kungoja mtu aitwe kutoka kijijini.

Kila asubuhi, kabla ya mnazi wa kwanza, jaribu fundo ukiwa umbali wa goti kutoka ardhini. Lipige, lipange, likaze kwa mkono, kisha likalie taratibu mpaka uzito wote uingie. Jitikise. Likiteleza hata upana wa kidole, ongeza mzunguko. Likigoma kusogea baada ya kuondoa uzito, punguza. Usitegemee jibu la jana: kamba mpya inateleza kuliko iliyoanza kutoa manyoya, na unyevu wa kusi na ukavu wa kaskazi haviipi kamba mkono mmoja. Ukibadilisha ugwe au kamba kuu, hesabu inaanza upya hata kama unene ni ule ule.

Jioni, osha. Chumvi ikikauka huacha chembe ndani ya nyuzi, na chembe hizo pamoja na mchanga hukatakata kutoka ndani kila kamba inapokunjwa. Usiilaze ufukweni, usiikanyage. Jina la mahali hapa lenyewe linakuonyesha pa kwenda: chota maji baridi ya kisima, iloweke, isugue kwa mkono bila sabuni kali, itundike kivulini, kisha iweke kwenye gunia mbali na jua, petroli na betri. Kabla ya kuihifadhi, ipitishe yote kati ya vidole ukiwa umefumba macho. Vidole hupata uvimbe, mahali palipokonda na mahali palipong'aa kwa kuungua mapema kuliko macho.

Ugwe huisha kwanza, maana ndio unaoungua. Ukiona ala imekuwa ngumu na kung'aa kama ganda la kaa, utoe siku hiyo hiyo. Kamba kuu ikionyesha kiini chake, au ikiwa imeshika anguko kubwa, nayo muda wake umekwisha. Usiitupe nzima jalalani, wala usimpe jirani kwa kuwa bado inaonekana nzuri. Ikate vipande vya dhiraa moja moja, ambavyo hakuna atakayeweza kukwelea, uwape watoto wafungie mbuzi.